Barua Zilizoingia Kwenye Simu za Kiunoni

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuunganisha simu. Ilikuwa Kajiado, miaka ya tisini, katika ofisi yenye korido ndefu na ubao wa simu uliojaa matundu. Mtu akipiga kutoka nje, nilichomeka waya kwenye tundu la karani wa ardhi au la daktari wa mifugo, wakazungumza. Nilikuwa msichana niliyetoka upande wa Machakos na cheti cha kidato cha nne, na sikuwa na mtu wa kumuuliza maswali niliyokuwa nayo. Sauti inapitaje kwenye waya mwembamba hivi? Kwa nini mvua ikinyesha Namanga simu ya hapa inakwaruza? Bosi wangu wa wakati ule aliniambia nisifikirie sana, nichomeke tu. Nilichomeka, na nikaendelea kufikiria.

Ofisi ile ilipopunguza watu nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilihamia Kitengela, na baada ya miezi kadhaa nikapata kazi kwenye shamba la maua karibu na Isinya. Walitaka mtu wa mapokezi anayejua simu. Wakati huo mwaka elfu mbili ulikuwa umeshaingia, na watu walianza kutembea na rununu mifukoni, lakini kule shambani rununu zilishika mahali pamoja tu, nyuma ya tangi la maji. Ukiona mtu amesimama pale huku ameinua kichwa kama anayenusa upepo, ujue anaongea na nyumbani.

Shamba lilikuwa kubwa. Kutoka ofisini hadi grinihausi ya mwisho, zile nyumba za plastiki ambamo waridi hukua, ungeweza kutembea ukachoka. Kwa hiyo mwenye shamba alikuwa amenunua simu zisizo na waya, za ndani kwa ndani. Kila msimamizi alikuwa na moja, kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, iliyoning'inia kwenye mshipi. Wafanyakazi waliziita simu za kiunoni. Zilikuwa na kioo kidogo cha kijivu, na juu ya nguzo za grinihausi zilifungwa antena nyeupe za kuzishikia mawimbi. Sanduku lililoziongoza lilikaa ofisini, nyuma ya kiti changu, likitoa joto na mlio mdogo usiokoma.

Mbele yangu ilikuwa kompyuta, ya pekee yenye barua pepe. Kila nusu saa ilipiga simu yenyewe, ikalia ile milio yake ya kukwaruza, ikaleta barua kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo na kutoka kwa mshauri wetu wa dawa aliyekuwa Nairobi. Mimi nilizisoma, kisha nikampigia anayehusika na kumweleza. Barua ikija mbele yangu, habari ilitokea nyuma yangu, na mimi nikiwa katikati.

Siku moja mnunuzi aliandika kwamba waridi jekundu la siku ile likatwe sentimita sitini, si hamsini. Nilimpigia mama wa pakihausi, mahali maua yanapopangwa na kufungwa. Alikuwa Mkamba mwenzangu, mwanamke mwenye mikono myepesi na sauti kubwa, aliyezoea kushindana na mashine za kukata vijiti.

"Sikisti," nilimwambia. "Nyekundu ni sikisti leo."

"Fifti, sawa," alisema.

Naapa sikusikia akisema fifti. Yeye naye aliapa hakusikia nikisema sikisti. Maua yote mekundu ya siku ile yalikatwa hamsini, na waridi likishakatwa halirefuki. Jioni meneja alituita sote wawili na kutuuliza nani alikosea. Tulitazamana. Tulikuwa tunakula pamoja chakula cha mchana kila siku, na hakuna aliyetaka kumchomea mwenzake. Meneja alitutuma nyumbani na onyo.

Nilikwenda zangu Kitengela nikiwaza. Kilichoniuma si onyo. Ni kwamba barua ile ilikuwa imeandika sitini wazi kabisa, na ilikuwa sawa hadi ilipofika kwangu. Iliharibika baina ya mdomo wangu na sikio la yule mama. Na simu ile aliyokuwa nayo kiunoni ilikuwa na kioo. Kioo ni cha kusomea. Mbona hakisomwi?

Kesho yake nilimsubiri fundi. Alikuwa mtu wa kutoka Garissa ambaye familia yake ilihamia Kitengela na biashara ya mbuzi na nguo, lakini yeye aliwaacha ndugu zake na mbuzi wao, akafungua kiduka cha kutengeneza redio na simu. Alikuja shambani mara moja kwa wiki kukagua antena. Alikuwa mkimya, mwenye ndevu fupi alizopaka hina, na alitembea na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia ambayo kwanza niliiogopa na baadaye nikawa naisubiri.

"Fundi, niko na swali," nilimwambia. "Hii simu inaweza kuonyesha maandishi?"

"Inaweza. Lakini yanatoka kwa hili sanduku."

"Na hili sanduku linayatoa wapi?"

Alinitazama kidogo, kama mtu anayeangalia kama swali limetoka kwangu kweli. "Kwa mtu yeyote anayelipatia," alisema.

"Hata kompyuta?"

 Alimaliza chai, akaenda kwenye pikapu yake, akarudi na kitabu kinene cha maelekezo kilichokuja na mashine. Kilikuwa bado kwenye karatasi yake ya nailoni. Hakuna aliyewahi kukifungua.

Tulikisoma wiki tatu. Yeye alijua umeme na mawimbi, lakini Kiingereza cha kitabu kile kilimchosha. Mimi Kiingereza nilikiweza, lakini sikujua mambo yaliyosemwa. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti, naye akanieleza kile nilichosoma. Ilipofika saa ya swala alitandika mkeka wake kando ya stoo, nami nikajibu simu hadi arudi. Karibu na mwisho wa kitabu tuliukuta ukurasa tulioutafuta. Sanduku lingeweza kupewa anwani yake lenyewe ya barua pepe. Barua ikija kwenye anwani hiyo, sanduku lingetazama kichwa chake, yaani ule mstari wa juu unaosema barua inahusu nini. Likikuta pale namba ya simu ya kiunoni, lingeichukua barua na kuipeleka kwenye kioo cha simu hiyo.

"Kwa hivyo barua inaingia hapa yenyewe," nilisema, "na inatoka hapa yenyewe."

"Ndio, dada."

"Bila mimi."

"Bila wewe." Kisha akaongeza, "Unataka tuache?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeketi wiki tatu nikitafuta njia ya kuliondolea shamba kazi yangu. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Hamu ya kuona ilikuwa kubwa kuliko woga.

Tulivuta waya mfupi kutoka kompyuta hadi kwenye sanduku, karibu mita mbili. Fundi aliandika mistari ambayo kitabu kilisema iandikwe. Nililiandikia sanduku barua pepe, kwenye kichwa nikaweka namba ya simu ya kiunoni ambayo fundi alikuwa ameiazima, na ndani nikaandika neno moja, chai. Tukasubiri kompyuta ipige simu yake ya nusu saa. Ilikwaruza, ikanyamaza. Sanduku lililia mara moja. Simu kwenye mshipi wa fundi ikatetemeka, na yeye, mtu mkimya vile, alicheka akaigeuza nione. CHAI. Nilizunguka meza nikaiangalia kutoka kila upande. Neno lilikuwa limetoka kwenye vidole vyangu, likaenda hadi mashine ya barua ambayo hata sijui iko nchi gani, likarudi hadi kwenye kiuno cha mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Meneja alikubali tujaribu. Niliwaandikia wanunuzi na yule mshauri wa dawa, nikawapa anwani na namba: hii ni ya pakihausi, hii ni ya msimamizi wa dawa. Kioo cha simu kilibeba herufi sabini tu, ukihesabu na nafasi. Tuliona zinatosha.

Siku ya pili mama wa pakihausi alinijia ofisini wakati wa chakula, amechukia kidogo.

"Hawa wazungu wako na shida gani?" aliniuliza. "Leo wamenijulia hali mara nne."

Alinionyesha simu. Barua ya kwanza ilisema kwa Kiingereza, wapendwa, tunatumaini mu wazima na hali ya hewa huko ni njema. Mwisho. Ya pili ilisema asante sana kwa kazi nzuri ya wiki iliyopita, sisi hapa. Mwisho. Herufi sabini zote zilikwisha kwenye salamu, na maua hayakutajwa.

"Nimewajibu moyoni kwamba niko salama," alisema. "Lakini bado sijui wanataka ngapi."

Tulicheka hadi chai ikapoa. Lakini ilibidi niandike tena kwa kila mtu, na hiyo ndiyo barua iliyonipa taabu kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa sababu nililelewa kwamba mtu asiyesalimu hana adabu. Niliwaomba wasisalimu. Niliwaomba jambo lenyewe liwe la kwanza, kabla ya yote. Anayetaka kutujulia hali atujulie mwisho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kunishangaza. Sikisti ilifika ikiwa sikisti. Mama wa pakihausi aliacha kupiga kelele kwenye simu. Hakuna aliyenifukuza kazi pia, kwa maana sasa kila mtu alikuja kuniuliza jinsi ya kufanya hili na lile, na nikawa na kazi zaidi ya mwanzo. Niliwafundisha wasimamizi kufungua ujumbe na kuufuta. Wa mwisho kujifunza alikuwa msimamizi wa dawa.

Alikuwa Mmaasai wa kutoka Mashuuru, mtu mzima, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani, ambaye sasa alizikunja ndewe zake juu ya masikio ili zisinaswe na mkanda wa barakoa. Yeye na watu wake ndio waliopuliza dawa za wadudu kwenye grinihausi. Alisoma hadi darasa la nne, kisha baba yake akamrudisha kwenye ng'ombe. Kila asubuhi akipita dirishani kwangu alinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikajibu "Iko," kama alivyonifundisha. Alisoma ujumbe polepole, kidole kikifuata neno baada ya neno, na midomo ikitikisika. Vijana wa timu yake walimwonea haya. Yeye hakuona haya yoyote.

"Mama wa simu," aliniambia wakati mmoja, "barua ni kama mbuzi. Ukimwangalia haraka utasema ni mzima."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Wadudu wekundu walikuwa wameingia nyumba ya tisa, na msimamizi wa dawa alikuwa amemwomba mshauri wa Nairobi ushauri. Mshauri alimjua, kwa hiyo alimwandikia Kiswahili. Saa saba hivi kompyuta ilikwaruza, sanduku likalia, mimi nikaendelea na kazi zangu. Nilikuwa nimeacha kuzisoma barua zile. Hiyo ndiyo ilikuwa faida yake.

Karibu na saa saba na nusu nilimwona mzee yule akija kwenye vumbi, kwa mwendo wa mtu aliyekusudia. Alikuwa amevaa ovaroli ya dawa na buti za mpira, barakoa ikining'inia shingoni. Alikuwa ametembea kutoka nyumba ya tisa hadi ofisini, na ile ni safari ndefu kwa mtu mwenye buti za mpira mchana. Hakunisalimu. Aliweka simu juu ya meza.

"Soma hii," alisema.

Nilisoma. NYUMBA 9: PULIZENI LEO SAA NANE KAMA TULIVYOPANGA, DAWA YA NDOO NYEUPE

"Ni sawa, mzee," nilimwambia. "Anasema mpulize."

"Iko wapi nukta?"

"Nukta gani?"

"Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa anatuchapa kwa nukta. Ukimaliza kusema, unaweka nukta. Huyu bwana kila siku anaweka. Leo hakuweka." Aligusa kioo kwa kucha yake. "Huyu hajamaliza kusema."

Nilitaka kumwambia kwamba watu wengi husahau nukta, kwamba vijana wake wanamngoja na mitungi imejaa mgongoni. Badala yake nilihesabu. Sijui kwa nini nilihesabu. Nilihesabu herufi na nafasi kwa ncha ya kalamu, moja moja, na zilipofika mwisho nilikuwa kwenye sabini.

Nilifungua barua kamili kwenye kompyuta. Baada ya maneno ndoo nyeupe, iliendelea hivi: isipokuwa kama mmetumia ile ya ndoo ya buluu wiki hii. Mkiwa mmeitumia msipulize kabisa, kwa sababu zikikutana hutoa mvuke unaochoma macho na kifua.

"Ndoo ya buluu mliitumia lini?" nilimwuliza.

"Juzi," alisema. "Nyumba hiyo hiyo."

Nyumba ya tisa haikuwa tupu. Kwenye sehemu yake ya nyuma walikuwamo akina mama wanane waliokuwa wakimalizia kukata maua ya asubuhi, na walitarajiwa kutoka saa nane kasoro. Na vijana wa dawa walikuwa mlangoni. Nilichukua simu ya mezani nikampigia kijana mkubwa wa timu, ambaye naye alikuwa na simu ya kiunoni, lakini hakupokea, nikadhani ameshavaa glavu na barakoa. Msimamizi hakungoja. Alitoka mbio, mtu mzima yule, buti zikipiga makalio yake. Nilimfuata. Nilikuwa na viatu vya ofisini, nikavivua njiani nikavibeba mkononi.

Tulipofika, vijana walikuwa wameketi kivulini, mitungi chini. Mmoja alikuwa anamenya muwa.

"Ulituambia tukungoje," alisema yule mkubwa kwa mshangao, akituona tunavyohema. "Tumekungoja."

Mzee aliketi chini papo hapo na kuanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Mimi sikuweza kucheka. Akina mama walikuwa wanatoka na ndoo zao za maua, mmoja akaniuliza kama nimefukuzwa na nyuki.

Habari ilimfikia meneja kabla sijavaa viatu. Alituita sote, fundi naye akaitwa kutoka Kitengela. Meneja alikuwa amekasirika kwa ile hasira ya mtu aliyeogopa.

"Ng'oa huo waya," alimwambia fundi. "Leo. Turudi kwa kupigiana."

 Mimi ndiye niliyewaomba watu waanze na jambo lenyewe. Mshauri alinitii. Alianza na jambo, na hatari akaiweka nyuma, mahali ambapo mashine haifiki. Nilikuwa nimetengeneza shimo, nikamwonyesha mtu pa kukanyaga. Fundi alitazama mikono yake.

Aliyesema ni mzee wa Mashuuru, na alisema akiwa bado na ovaroli yake.

"Mtu akisema nusu neno, humkati ulimi. Unamwambia amalizie. Hiyo mashine haijui kumaliza. Ifundisheni."

"Na ikishindwa?" meneja aliuliza.

"Ikishindwa, ng'oa. Lakini kwa kupigiana, huyu mama na yule wa pakihausi walikata maua yote hamsini. Umesahau?"

 Meneja alitupa wiki moja, na akaagiza kwamba katika wiki hiyo hakuna ujumbe wowote wa dawa utakaopita kwenye sanduku.

Tulirudi kwenye kitabu. Sikuzote nilikuwa nikikisoma kwa raha, kama anayefumbua kitendawili. Wiki ile nilikisoma kwa hofu, kila neno mara mbili. Niligundua kwamba jambo la kukata barua lilikuwa limeandikwa pale pale, kwenye ukurasa tuliousoma mwanzoni, kwa maandishi madogo chini. Tulikuwa tumelipita kwa furaha ya kuona neno chai. Mistari minne baadaye kilieleza kwamba sanduku laweza kuigawa barua ndefu vipande vipande, na kukipa kila kipande namba: cha kwanza kati ya vitatu, cha pili kati ya vitatu. Kulikuwa pia na nafasi ya kuandika neno ambalo sanduku lingeliweka mwisho wa kipande cha mwisho.

"Tuweke neno gani?" fundi aliuliza.

Tulimwita mzee achague. Alisimama mlangoni kwa kuwa alikuwa na dawa kwenye nguo, akafikiri.

"Wekeni basi," alisema. "Mtu akimaliza anasema basi."

Ikawa hivyo. Ujumbe usio na neno BASI haukufuatwa na mtu yeyote. Aliyeupata aliipigia ofisi. Fundi na mimi tulijaribu mara nyingi kabla hatujamwita meneja. Tulituma barua fupi, ndefu, barua tupu, barua yenye salamu za ukoo mzima. Mara moja kipande cha tatu kilifika kabla ya cha pili, na tukakaa siku nzima kutafuta sababu. Hatukuipata, ila tuliona kwamba mwenye kusoma namba hawezi kudanganyika, ataweka mwenyewe cha pili mahali pake. Meneja alisoma majaribio yetu akiwa amesimama, akarudisha ruhusa bila kutupongeza. Mshauri wa Nairobi, nilipomweleza kwa simu yaliyotokea, aliniambia kuanzia siku hiyo ataanza na katazo, lile la msipulize, na ruhusa itafuata.

Miaka michache baadaye habari za sanduku letu zilifika Kajiado. Hospitali moja ndogo ilikuwa imepewa simu kama zetu na wafadhili, na maabara yao ilikuwa upande wa pili wa uwanja kutoka wodi. Majibu ya vipimo yaliandikwa kwenye kompyuta na kutumwa kwa barua pepe, lakini kompyuta ya wodi ilikuwa kwenye chumba kilichofungwa, na nesi alilazimika kumwacha mgonjwa aende kuangalia. Walimwomba fundi, na fundi akasema hawezi kwenda bila mimi. Meneja alinipa siku mbili.

Tulikwenda kwa pikapu yake, ngazi ikiwa imefungwa juu. Tulipofika, matroni, mkuu wa manesi, alitusikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alielewa vipande, alielewa namba, alilipenda neno la mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho mimi na fundi, kwa miaka yote ile, hatukuwahi kuulizana.

"Sanduku lenu litaniambia ujumbe umefika?"

"Ndio," fundi alisema. "Linaandika hapa, umefika."

"Umefika kwa simu. Si ndio?"

"Kwa simu, ndio."

"Na simu iko kwa kiuno cha nesi, na nesi anainua mgonjwa. Nani ataniambia amesoma?"

Fundi alinigeukia. Nilifungua kitabu, ingawa nilijua kurasa zake kwa kichwa na nilijua jibu halimo. Nilimwambia matroni ukweli, kwamba mashine inajua hadi kwenye kioo, na toka kwenye kioo hadi kwenye jicho haijui kitu. Hakukasirika. Alisema basi nesi akisoma atampigia mtu wa maabara amwambie amesoma, na asipopiga kwa dakika kumi, mtu wa maabara atavuka uwanja kwa miguu yake. Akaiandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kompyuta. Nilisimama nikaisoma. Tulikuwa tumekuja na ngazi, waya, kitabu na mashine, na sehemu muhimu kuliko zote ilikuwa imefungwa kwa gundi ya karatasi.

Siku ya pili mambo yalipokuwa tayari, niliomba ruhusa ya kukaa wodini. Nilitaka kuuona upande ule ambao sanduku haliuoni. Nilipewa kigoda cha kukalia karibu na dirisha. Nesi alikuwa msichana mdogo wa kutoka Rombo, aliyekuwa na namna ya kukunja mikono ya sare yake juu kabisa. Alikuwa akibadilisha bandeji ya mguu wa mtoto, na mama wa mtoto, aliyejifunga mtandio mkubwa mweusi, alikuwa amekishika kichwa cha mwanawe kifuani, akimsomea kitu kwa sauti ya chini.

Simu ya nesi ilitetemeka. Hakuitazama. Alikuwa na mikono miwili kwenye bandeji, na nusu ya bandeji ilikuwa bado mkononi. Niliiona simu ikitetemeka tena, kipande cha pili. Nikataka kuinuka nimwambie. Nilijizuia. Alimaliza kufunga, akabana pini, akamgusa mtoto shavu, akaenda kwenye karai kunawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaikausha. Kisha akaitoa simu na kusoma.

Nilikuwa nimetazama barua nyingi zikitoka. Sikuwa nimewahi kumtazama mtu zikimwingia. Macho yake yalikwenda mstari wa kwanza, yakarudi, yakashuka. Akapiga namba ya maabara na kusema, "Nimeiona, asante." Akavuta stuli, akaketi mbele ya yule mama, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Mama," alisema, "majibu ya mtoto yamekuja. Ule ugonjwa tuliouogopa, hana."

 Mama yule alimfunika mtoto uso kwa ncha ya mtandio wake, kama mtu anayemkinga na upepo, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.